Maombi ya wapiga picha za anga la usiku kwa watengenezaji wa programu za kuhariri picha: giza lisihesabiwe kuwa utupu

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naanzisha uzi huu kwa ajili ya wenzangu wanaopiga picha za nyota kwa kamera za kawaida, bila darubini za gharama kubwa, na pia kwa yeyote mwenye ujuzi wa kuandika programu ambaye angependa kujua tunakwama wapi tunaporudi nyumbani na kuanza kuzihariri picha hizo. Nimo katika shughuli hii kwa mwaka wa nne sasa. Naishi Dodoma, na nikipata nafasi hutoka mjini kuelekea upande wa Bahi, ambako taa ni chache na upeo wa macho uko wazi pande zote. Kamera yangu ni ya pikseli milioni 18, lenzi ni ya milimita 50, na stendi ni ile ya kawaida isiyofuata mwendo wa anga.

Hoja yangu ni moja na mapendekezo yote yatakayofuata yanatoka humo. Programu nyingi za kuhariri picha zimeundwa kwa ajili ya harusi, mandhari na bidhaa za dukani, ambako sehemu nyeusi ya picha haina cha maana, kwa hiyo kila inapobidi kitu kitolewe kafara ili kazi iende haraka au faili liwe dogo, giza ndilo hutangulizwa. Kwetu sisi picha nzima imo ndani ya giza hilo.

Nitoe mfano. Katikati ya Oktoba, kundi la nyota la Jabari hufika juu ya utosi wetu kama saa kumi na nusu alfajiri. Nebula, yaani wingu la gesi na vumbi linalong'aa, iliyo katika upanga wa Jabari, ambayo katika orodha za wanaastronomia huitwa M42, iko nyuzi 5 na dakika 23 kusini mwa ikweta ya anga, na Dodoma iko nyuzi 6 na dakika 10 hivi kusini mwa ikweta ya dunia, hivyo nebula hiyo hupita karibu kabisa na utosi, mahali ambapo mwanga wake unakatiza hewa kidogo kuliko pengine popote angani. Mpiga picha wa Ulaya hana neema hiyo. Hata hivyo nyota zilizo karibu na ikweta ya anga ndizo zinazokwenda kwa kasi kubwa zaidi, sekunde-tao 15 (sekunde-tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi) kwa kila sekunde ya saa, na kwa lenzi yangu nikiacha shata wazi kwa sekunde 5, nyota inaburuzika pikseli 4 na kutokea kama punje ya mchele. Kwa hiyo alfajiri moja nilifungua shata kwa sekunde 2 tu kila mara, nikapiga picha 400, ambazo jumla yake ni dakika 13 na ushee za mwanga.

Picha moja kati ya hizo haina thamani yoyote peke yake, kwa sababu imejaa chenga, yaani vidoa vya ovyo visivyotokana na mwanga wa anga. Tunachofanya ni kuzirundika, yaani kuzilinganisha nyota kwa nyota na kutafuta wastani wa kila pikseli. Mwanga halisi wa nebula upo mahali pale pale katika kila picha, wakati chenga hubadilika ovyo, na kwa hiyo chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 400 huzipunguza mara 20. Nilizirundika usiku uliofuata, nikapata faili moja la biti 32, nikalifungua katika programu ya kuhariri ambayo sitaitaja, kwa kuwa tatizo hili si lake peke yake. Picha ilikuwa nyeusi tii, jambo ambalo nililitarajia. Nikapitisha chujio la kupunguza chenga, kisha nikaanza kuuvuta mwanga taratibu kwa kevu, ule mstari wa kupinda unaopandisha sehemu zenye giza, na mabawa ya nebula yakaanza kutokea. Lakini yalitokea kwa vipande. Palikuwa na duara la wekundu, kisha duara jingine lililofifia zaidi, kisha jingine, kila moja na ukingo wake mkali, mithili ya mistari ya kontua inayozunguka mlima katika ramani ya jiografia.

Ilinichukua wiki tatu kutambua kilichotokea. Chujio lile lilikuwa limeishusha picha hadi biti 8 bila kunipa taarifa yoyote. Hesabu yake ni nyepesi. Kamera yangu inaandika biti 14, yaani ngazi 16,384 kutoka weusi hadi weupe. Biti 8 ni ngazi 256, na kila moja inameza ngazi 64 za zile za awali. Mabawa yote ya nebula yangu yalikuwa yamekaa katika ngazi 300 hivi za mwisho wa giza, na baada ya kushushwa yakabaki na ngazi 5 au pungufu. Duara nilizoziona ndizo ngazi hizo. Picha ya bibi harusi isingeonyesha dosari yoyote ya kuonekana kwa macho, kwa maana nuru yake imesambaa katika ngazi zote 256 na hakuna mtu atakayeivuta mara 50.

Kwa hiyo ombi la kwanza, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni kwamba programu isipunguze kamwe usahihi wa namba bila kuuliza. Kama kuna chujio lisiloweza kufanya kazi katika biti 32, liandikwe hivyo wazi kwenye menyu, na likibonyezwa litoe onyo. Tusisahau pia kwamba wastani wa picha 400 huzaa namba zenye desimali, ngazi za katikati ambazo kamera yenyewe haikuwa nazo, na hizo ndizo tulizokesha kuzitafuta. Kwa haki lazima niseme kwamba yapo maendeleo makubwa. GIMP ilivuka mpaka wa biti 8 katika toleo la 2.10 la mwaka 2018, na darktable hufanya hesabu zake za ndani kwa biti 32. Hilo linathibitisha kwamba jambo hili linawezekana hata katika programu za bure.

Ombi la pili linahusu macho. Picha iliyorundikwa ikifunguliwa, nguzo yote ya histogramu, ule mchoro unaoonyesha pikseli ngapi ziko katika kila ngazi ya mwanga, inakuwa imebanana kushoto kama uzi mmoja, na chombo cha kevu kinatupa nafasi isiyozidi upana wa ukucha kwa ajili ya kazi yote tunayotaka kufanya. Naomba vitu viwili hapo. Kwanza, tuweze kuikuza sehemu hiyo ya kushoto ya histogramu na ya kevu hadi ijaze dirisha zima. Pili, pawe na kitufe cha kuuvuta mwanga kwa ajili ya kutazama tu, bila kugusa namba zilizo ndani ya faili, ili nione mapema kama kuna wingu lililopita, kama pembe zina giza, kama nyota zimelingana, kabla sijafanya uamuzi wowote usiorudishika. Siril na PixInsight, programu zilizoundwa kwa ajili ya picha za anga, zinacho kitufe hicho miaka mingi, na anayekizoea hawezi tena kufanya kazi bila hicho. Kwa mhariri wa kawaida wa picha kingemsaidia hata mtu anayeokoa picha iliyopigwa chumbani bila mwanga wa kutosha.

Ombi la tatu ni ufunguaji wa faili ghafi la kamera. Programu nyingi huanza kulipamba kabla hujaligusa: zinaongeza utofauti wa weusi na weupe, zinanoa kingo, zinaondoa chenga, na kibaya zaidi zinafuta pikseli yoyote inayong'aa peke yake, kwa kudhani kwamba ni pikseli mbovu. Nyota hafifu katika lenzi nzuri ni pikseli moja au mbili zinazong'aa peke yake. Nimelinganisha kipande kimoja cha anga karibu na mkanda wa Jabari kabla na baada ya upambaji huo, nikahesabu nyota kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, na zilizopotea zilikuwa nyingi mno kwangu kunyamaza. Tunaomba chaguo moja linaloeleweka: fungua kama kamera ilivyoandika, basi.

Rangi nayo inaingia hapa. Wekundu wa nebula hutoka kwa haidrojeni, katika urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, na chujio lililo mbele ya kihisi cha kamera za kawaida hukata sehemu kubwa ya mwanga huo kabla haujarekodiwa. Kile kidogo kinachobaki, programu ikijirekebishia rangi kwa kudhani kwamba wastani wa picha lazima uwe kijivu, inakiondoa. Urekebishaji wa rangi ungepaswa kuniruhusu nichague nyota fulani nyeupe na kusema, hii ndiyo nyeupe yangu, na kwingine kuachwe kama kulivyo.

Sasa uchafuzi wa mwanga, ambao ndio unaotutesa zaidi sisi tunaopiga karibu na miji. Taa za mjini hupaka anga rangi inayokolea upande mmoja na kufifia upande wa pili. Wengi wetu tumefundishana njia ya mkato: nakili tabaka, litie ukungu mpaka nyota zipotee, kisha litoe katika picha ya chini. Njia hiyo inaondoa mwanga wa mji pamoja na nebula, kwa sababu nebula nayo ni kitu kikubwa kisicho na kingo. Tunachohitaji ni chombo kinachoniruhusu kuweka vidoto mahali ninapojua kuwa ni anga tupu, nikiikwepa nebula kwa mkono wangu, kisha programu ichore uso laini unaopita katika vidoto hivyo na kuutoa. Zaidi ya hapo, inionyeshe uso huo kabla ya kuutoa, kwa maana nikiona umbo la nebula limejitokeza ndani yake, najua nimekosea mahali pa kuweka kidoto.

Na kuna kosa ambalo naliona kila siku katika maelekezo ya mtandaoni. Mwanga wa mji unajumlishwa juu ya picha, kwa hiyo unaondolewa kwa kutoa. Giza la pembe za lenzi linazidisha, maana pembe inapokea, tuseme, nusu ya mwanga unaofika katikati, kwa hiyo linaondolewa kwa kugawanya, kwa kutumia picha ya weupe iliyopigwa kwa lenzi ile ile ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe na kuelekezwa kwenye mwanga uliotulia. Ukitoa palipotakiwa kugawanya, pembe zinaonekana safi lakini nyota zake zinabaki hafifu kuliko stahili yake. Programu ziwe na amri mbili tofauti zenye majina yasiyochanganya, na kugawanya kufanyike kabla ya kutoa.

Yaliyobaki nayataja kwa ufupi. Faili la FITS, muundo wa kuhifadhi picha za anga ambao wanaastronomia wanautumia tangu mwaka 1981, lifunguke na kuhifadhiwa pamoja na maelezo yake ya ndani. Kazi ndefu iweze kuendelea pale ilipokatikia, kwa kuwa umeme ukikatika saa ya pili ya kurundika tunaanza upya. Na kioo kiweze kugeuzwa chekundu chote kwa ajili ya anayekagua picha akiwa porini, ili macho yasipoteze uzoevu wa giza.

Karibuni mchangie.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo ya kina. Nina swali la kweli, si la kupinga. Ikiwa Siril ipo, ni ya bure, na ina karibu kila ulichokitaja, kwa nini tuwatwishe watengenezaji wa programu za kawaida mzigo wa watu wachache kama sisi? Mimi hurundika humo, nikavuta mwanga humo humo, kisha napeleka picha iliyokwisha kuvutwa kwenye mhariri wa kawaida kwa ajili ya kupunguza ukubwa na kuandika jina tu.

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki. Siril naitumia na ninaiheshimu sana, wala sitaki kila programu igeuke kuwa hiyo. Tatizo langu liko kwenye daraja kati ya hizo mbili. Kazi za tabaka, barakoa (vifuniko vya kuficha sehemu ya tabaka) za kuchora kwa mkono, na kuunganisha picha mbili za mwangaza tofauti ndizo nguvu za mhariri wa kawaida, na M42 inazihitaji, kwa kuwa kiini chake huungua na kuwa cheupe kabisa katika mwangaza unaotosha kuonyesha mabawa. Nikihitaji kuchanganya picha za sekunde 2 na za robo sekunde kwa barakoa laini, lazima nivuke daraja nikiwa na biti zangu zote. Jambo la pili ni kwamba anayeanza huanza na programu aliyonayo tayari kwenye kompyuta yake, na akiziona duara zile za kontua anadhani kamera yake ni mbovu, anaacha.

Mchangiaji wa pili

Niko Tanga, na hapa kwetu adui mkubwa ni joto. Chenga zinazotokana na joto la kihisi huongezeka maradufu kwa kila nyongeza ya nyuzi 6 hadi 8 za selsiasi, na usiku wa Januari pwani haupoi. Picha za giza, zile tunazopiga lenzi ikiwa imefunikwa ili kupata ramani ya chenga hizo, zinafaa tu kama zimepigwa katika joto linalokaribiana na la picha zenyewe. Nimekuwa nikipiga picha za giza mwanzoni mwa usiku na kuzitumia kwa picha za saa tisa, na matokeo yake ni vidoa vyeusi mahali ambapo chombo kimetoa zaidi ya kilichokuwepo. Kamera nyingi huandika joto lake ndani ya faili. Naomba programu zilisome, zipange picha za giza kwa mafungu ya joto, na zinionye pale tofauti inapozidi nyuzi chache. Taarifa ipo tayari ndani ya faili, inasubiri kusomwa tu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nataka kuzungumzia vyombo vipya vya kuondoa chenga kwa akili bandia, kwa sababu vinatangazwa kila mahali na vijana wanavikimbilia. Nilikipitisha kimojawapo kwenye picha ya Kilimia. Nyota zenyewe za Kilimia kila mtu anazijua, na jina linatokana na kulima, maana wazee walipanga majira ya shamba kwa kuzitazama. Lakini kuna vumbi hafifu la buluu linalozizunguka, lenye michirizi kama ya brashi, na hilo ndilo linalomtoa mpiga picha jasho. Chombo kile kilinirudishia michirizi mizuri sana, mikali, iliyonyooka. Nilipoilinganisha na picha zangu nyingine za mahali hapo hapo, michirizi miwili haikuwemo katika yoyote kati ya hizo. Ilibuniwa. Ninachoomba ni kwamba kila chombo cha namna hii kije na kitufe cha kuonyesha tofauti, yaani picha ya kile kilichoondolewa na kile kilichoongezwa, kwa namba zake.

Mleta uzi

Naliunga mkono kwa moyo wote, na ningeongeza kwamba tofauti hiyo ihifadhiwe ndani ya historia ya faili. Kwa sasa tunaweza kujisaidia kwa kuweka picha ya kabla na ya baada katika tabaka mbili, kuchagua hali ya tofauti, kisha kuivuta. Tofauti safi ya chenga huonekana kama mchanga uliomwagwa sawasawa. Ukiona ndani yake umbo la nyota, la nebula, au mstari wowote wenye mpangilio, chombo kimegusa mwanga halisi.

Mchangiaji wa pili umenikumbusha jambo ambalo sikuliandika. Vyombo vya kurundika vingi hukataa pikseli zilizopotoka mbali na wastani, na ndiyo maana mstari wa setilaiti unaopita katika picha 3 kati ya 400 hufutika wenyewe. Naomba programu zionyeshe zilikataa nini, kama picha tofauti. Kuna siku nitapata kimondo, na sitaki kifutwe kimya kimya kama uchafu.

Mchangiaji wa nne

Nafanya kazi ya kuandika programu, ingawa si za picha, na nina ushauri wa namna ya kuyafikisha haya. GIMP inapokea maombi kwenye GitLab ya mradi wa GNOME, Siril nayo iko GitLab, na darktable iko GitHub. Ombi refu lenye mambo kumi kama uzi huu litasomwa kwa heshima kisha litafungwa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kulimaliza. Yagawanyeni, ombi moja kwa jambo moja. Elezeni ulifanya nini, ulitegemea nini, ukapata nini. Ambatanisheni faili dogo linaloonyesha tatizo, hata kipande cha pikseli 500 kwa 500 kinatosha, kwa kuwa msanidi asiyewahi kupiga picha ya nyota hawezi kuwaza jinsi namba zinavyobanana kule kushoto mpaka azione kwa macho yake.

Mleta uzi

Ushauri huu nimeupokea. Nimekata kipande cha bawa la mashariki la M42 kutoka katika faili la biti 32, na kipande hicho hicho baada ya kushushwa hadi biti 8, vyote viwili vikiwa vimevutwa kwa kevu ile ile, ili zile duara zionekane ubavuni mwa picha laini. Ombi la onyo kabla ya kupunguza biti naliandika mimi. Mchangiaji wa pili, nakuomba uandike la joto, na uambatanishe picha ya giza ya mwanzo wa usiku pamoja na ya saa tisa. Mchangiaji wa tatu, kama bado unazo picha za Kilimia ambazo michirizi ile haimo, usizifute, kwa sababu bila hizo hatuna cha kuwaonyesha.

Bado hatujampata wa kuandika ombi la vidoto vya anga tupu. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa angefaa kuliko mimi, kwa kuwa anga lake limepakwa mwanga wa kutosha kuliweka tatizo lote katika picha moja. Mwenye picha ghafi ya namna hiyo, iliyopigwa kwa lenzi pana na yenye nebula yoyote ndani yake, ajitokeze hapa tupange.